Nafasi ya Ngapi Kwenye Mkeka?

Mtoto wa Kitanzania hujua nafasi yake darasani mapema sana, wakati mwingine kabla hajajua kusoma saa. Ripoti ya kufunga shule inafika nyumbani, mzazi anaifungua, anaruka alama za Hisabati, anaruka maoni ya mwalimu wa darasa, anakwenda moja kwa moja pale palipoandikwa "nafasi ya 9 kati ya 74". Halafu linakuja lile swali: "Hao 8 waliokupita wana vichwa viwili?" Tumekua nalo. Tukifika chuo tunadhani tumeliacha shuleni, kumbe tumekuja nalo kwenye begi. Siku matokeo ya UE yanapotoka, mtu anakuuliza "umepata ngapi?" kabla hata ya salamu.

Makala hii inahusu yoga, na najua wapo watakaofungua ukurasa unaofuata wakisoma neno hilo. Subirini kidogo. Mimi nasoma ualimu, na katika madarasa yote niliyokaa hapa chuoni sijaona lililoonyesha tabia yetu ya kujilinganisha waziwazi kama kikundi chetu kidogo cha mazoezi pale Malimbe, juu ya mawe, upande unaotazama ziwa. Kwenye mtihani unaweza kuficha karatasi. Kwenye mkeka huwezi kuficha mwili. Kama magoti hayanyooki, hayanyooki, na watu 13 wanaona.

Tulianza tukiwa 14 mwanzoni mwa muhula wa kwanza. Kufikia majaribio ya katikati ya muhula tulikuwa 5. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna ada, na kama huna mkeka hata kanga inatosha. Niliwauliza wale 9 walioacha, mmoja mmoja, kwenye vimbweta na kwenye foleni ya chakula. Wawili walisema ratiba. Mmoja alisema mchungaji wake hapendi. Sita waliobaki, ukiyachuja majibu yao, walisema kitu kimoja: "Mimi mwili wangu si wa mambo hayo." Dada mmoja tunayesoma naye kozi moja aliongeza kwamba kuna picha ilipigwa ikawekwa stetasi, na ndani yake yeye peke yake ndiye ambaye mikono haikufika chini. Hakuna aliyemcheka. Alijicheka mwenyewe kwanza, halafu hakurudi tena.

Hao sita ndio walionifanya niandike.

Yoga yenyewe kwa kifupi, maana historia yake ni ndefu na si hoja yangu leo. Asili yake ni India. Maandishi yanayotajwa sana, yale ya Patanjali, yana vifungu vifupi visivyofika 200, na kati ya hivyo ni 3 tu vinavyozungumzia mkao wa mwili. Sifa za mkao zinazotajwa humo ni mbili: uwe imara na uwe wa raha. Habari ya mikono kufika chini haimo. Vingi vya vifungu vilivyobaki vinahusu akili. Mikao mingi tunayoiona YouTube ilipata umbo lake karne ya 20. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 21 kuwa siku ya kimataifa ya yoga, na hapo jirani Nairobi, tangu 2007, shirika la Africa Yoga Project limekuwa likiwafundisha vijana wa mitaani kwao wawe walimu. Kwa hiyo ile kauli ya "hayo ni mambo ya wazungu wa Capri Point" haina mashiko sana. Kuhusu dini, sisi hatuimbi wala hatuombi kitu. Tunanyoosha viungo na kupumua. Lakini mtu asiyejisikia amani ana haki ya kukimbia au kupiga pushapu, na ninayoyasema hapa yatamfaa vilevile.

Chini ya mawe yetu kuna akina mama wanaoanika dagaa. Asubuhi moja mama mmoja alisimama akatutazama kwa muda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnasali?"

"Hapana mama, tunanyoosha viungo."

"Mnashindana?"

"Hatushindani."

"Sasa mbona mnachunguliana?"

Akacheka, akarudi kwenye dagaa zake. Aliinama kutoka kwenye nyonga, miguu imenyooka, mgongo umelala kama meza, akawa anaokota takataka katikati ya dagaa huku anaongea na mwenzake. Mkao huohuo sisi tunautolea jasho kwa dakika moja, yeye anafanya nao kazi nusu saa. Na jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwonea wivu.

Kwa nini? Hapa inaingia nadharia ambayo wenzangu wa saikolojia ya elimu wanaijua. Mwaka 1954 Mmarekani Leon Festinger aliandika juu ya ulinganisho wa kijamii. Alisema binadamu ana msukumo wa kutaka kujua uwezo wake ukoje. Pakiwa na kipimo cha wazi, anakitumia. Pasipokuwa na kipimo, anawatumia watu. Tena hachagui mtu yeyote tu, anachagua anayefanana naye. Ndiyo maana dada yule hakujilinganisha na mama wa dagaa, wala na mwalimu wa kwenye video anayejikunja kama mkeka. Alijilinganisha na msichana wa pembeni yake: umri mmoja, mwaka mmoja wa masomo, hosteli moja. Ni hivyohivyo kwenye maisha ya kawaida. Anayekunyima usingizi si bilionea wa Dar es Salaam, ni mwenzako wa chumba cha pili aliyenunua simu mpya kwa bumu lilelile ulilopata wewe.

Sasa iangalie yoga kwa jicho hilo. Mbio zina saa, mpira una goli. Yoga haina chochote cha kuhesabu, na mtu aliyezoea kuambiwa nafasi yake tangu darasa la kwanza akikosa namba anaitafuta kwa macho. Anamchungulia jirani. Na hapo mazoezi yenyewe yanaharibika, si kwa maneno ya hekima bali kwa namna mwili unavyofanya kazi. Jaribu sasa hivi kama umekaa mahali pazuri: simama kwa mguu mmoja, kaza macho kwenye doa moja ukutani, hesabu mpaka 20. Kisha rudia, safari hii ukimfuata kwa macho mtu anayepita. Utayumba. Mwili unajisawazisha kwa sikio la ndani, kwa hisia za misuli na viungo, na kwa macho pia. Ukiyapeleka macho kwa jirani umeondoa mguu mmoja wa kigoda.

Sehemu iliyonishika zaidi, na ambayo ningependa kila aliyesema "mwili wangu si wa mambo hayo" aisome, ni ya mifupa.

Chukua nyonga. Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo kama mpira, kinachokaa ndani ya kikombe kwenye mfupa wa nyonga. Kwa watu wengine kikombe hicho kina kina kirefu, kwa wengine kifupi. Kwa wengine kinatazama mbele zaidi, kwa wengine pembeni. Shingo ya mfupa wa paja nayo imegeuka kidogo kuelekea mbele: kwa mtu mzima wastani ni kama nyuzi 15, lakini wapo wenye afya tele ambao pembe yao ni ndogo sana, na wapo wenye karibu mara mbili ya hiyo. Mtoto mchanga huzaliwa na pembe kubwa kuliko zote, kisha inapungua kadiri anavyokua. Sasa waweke watu wawili chini, wakunje miguu, nyayo zikutane. Huyu magoti yake yanalala sakafuni bila jasho. Huyu yake yanabaki hewani kama mbawa za korongo. Wa pili akilazimisha, hanyooshi misuli tena. Anagonga mfupa kwenye ukingo wa kikombe. Hakuna idadi ya wiki itakayobadilisha umbo la kikombe cha mtu mzima. Mwalimu mmoja wa Marekani, Paul Grilley, amejulikana kwa kufundisha jambo hili kwa picha za mifupa ya watu mbalimbali, na ukiziona hutauliza tena kwa nini fulani anaweza na wewe huwezi.

Urefu nao una lake. Mwenye mikono mirefu na miguu mifupi atagusa ardhi hata kama misuli yake ni migumu kama kamba ya ngalawa. Mwenye mikono mifupi anaweza kuwa mlegevu kuliko wote na asiguse. Ukitazama viganja tu utampa wa kwanza maksi za urefu wa mkono aliozaliwa nao.

Utajuaje basi kama kinachokuzuia ni misuli au ni mfupa? Kuna kanuni nyepesi ambayo walimu wa yoga huitumia. Ukisikia kuvutika upande ule unaonyooshwa, kwa mfano nyuma ya paja unapoinama, hiyo ni misuli, na kwa subira itaachia. Ukisikia kubanwa au kugota upande ule unaokunjwa, kwa mfano mbele ya nyonga, huenda ni mfupa umefika mwisho wake. Hapo badilisha pembe ya mguu, panua nyayo, au ishia hapo. Maumivu makali ya ghafla ni habari nyingine, hayo peleka zahanati, usiyapeleke kwenye grupu la WhatsApp. Na kwa misuli yenyewe, sehemu kubwa ya mafanikio ya wiki za mwanzo hutokana na mfumo wa fahamu kuzoea mvuto na kuuvumilia, wala si kwamba msuli umerefuka. Kwa hiyo hata yule "aliyeendelea haraka" pengine ameizoea tu ile hali kabla yako.

B.K.S. Iyengar, ambaye kitabu chake cha mwaka 1966 chenye mamia ya picha kimewafanya watu wengi duniani wajione mbao, alikuwa mtoto mgonjwagonjwa, mwili dhaifu kabisa. Watu wanazikumbuka picha. Wanachosahau ni kwamba huyohuyo ndiye aliyeeneza matumizi ya matofali ya mbao, mikanda, viti na kamba ili mwenye mwili mgumu naye apate mkao wake. Tofali linaleta ardhi juu. Ukiinama mkono usifike chini, unaweka tofali, mkono unafika, mgongo unabaki ulivyotakiwa. Kwetu watu waliona aibu kulichukua, wakaona ni kama kukaa kwenye benchi la wanaorudia darasa. Nikajiuliza hiyo aibu tumeitoa wapi, jibu likanirudisha kwenye ripoti ya shule.

Kozi ya upimaji na tathmini inatufundisha tofauti ambayo Robert Glaser aliiweka wazi mwaka 1963. Kuna kupima kwa kumlinganisha mwanafunzi na wenzake, na kuna kupima kwa kigezo: je, anaweza kufanya jambo hili au hawezi? Abiria wa kivuko cha Kamanga hana haja ya kujua kama nahodha alikuwa wa kwanza au wa 30 chuoni. Anataka nahodha anayejua kuegesha kivuko upepo ukiwa mkali. Nafasi haikwambii hilo. Darasa zima linaweza kuwa halijui kugawanya desimali na bado likatoa wa kwanza, akapewa daftari na kalamu.

Hata Baraza la Mitihani, Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, liliacha kutaja shule 10 bora na watahiniwa bora, kwa maelezo kwamba utaratibu ule hauna tija. Mnakumbuka zamani ilivyokuwa: orodha ile ilikuwa habari ya wiki nzima, shule zinabandika mabango barabarani. Wapo waliolalamika, wakasema tunaua ari. Mimi naona Baraza lilifanya sawa, ingawa shule nyingi zimeendelea na nafasi zao kama kawaida, na wazazi ndio wa kwanza kuziuliza.

Utafiti mwingine unaotuhusu sisi wa chuo ni wa Herbert Marsh na mwenzake, mwaka 1984. Walionyesha kwamba wanafunzi wenye uwezo uleule hujiona wadogo zaidi wakiwa kwenye shule yenye wenzao wenye uwezo mkubwa, na hujiona wakubwa kwenye shule ya wastani. Waliita habari ya samaki mkubwa kwenye bwawa dogo. Sisi wa Kanda ya Ziwa mfano huo hatuhitaji kuelezwa. Mtu alikuwa sangara kwenye shule yake Magu au Misungwi, anafika chuo anakuta ziwa limejaa sangara, wiki ya tatu anaanza kujiita dagaa. Uzito wake haujapungua hata gramu. Kilichobadilika ni majirani.

Nikiyasema haya kwenye diskasheni, kaka mmoja wa mwaka wa 3 hunipinga. Anasema ushindani ndio umetufikisha hapa, na Wasukuma wenyewe ni watu wa mashindano: tazama Bagika na Bagalu, vikundi viwili vya ngoma ambavyo vimeshindana vizazi na vizazi, mpaka leo watu wanajaa Bujora mwezi Juni kwenye Bulabo kuona nani ataivuta hadhira. Ana hoja. Siwezi kuitazama ngoma ile nikasema ushindani ni sumu. Lakini angalia palipowekwa. Una siku yake, uwanja wake, watazamaji wake, na mshindi anajulikana kwa umati uliohamia upande wake. Bugobogobo, ngoma ya majembe, ilitoka shambani, na shambani kilichotakiwa ni jembe lako lishuke pamoja na ya wenzako. Anayekimbia mbele anaharibu mdundo sawa na anayechelewa. Yoga ya asubuhi juu ya mawe ni shamba, si uwanja.

Wala sisemi tusitazamane kabisa. Mwalimu yeyote anajua mtoto hujifunza kwa kuona. Ukimtazama jirani ili ujue mguu unaanzia wapi, hiyo ni kujifunza, inachukua sekunde 2, macho yanarudi. Ukimtazama ili ujue wewe ni wa ngapi, macho hayarudi. Tofauti unaisikia mwenyewe kifuani, pumzi inakatika.

Tulichobadilisha kwenye kikundi ni vitu vidogo. Zamani tulikaa duara, kila mtu anamwona kila mtu. Sasa tunakaa mstari mmoja, uso ziwani. Simu zinakaa kwenye mfuko wa anayeongoza siku hiyo. Anayeongoza haruhusiwi kusema "mmeona fulani anavyofanya?", hata kwa nia ya kusifu, maana sifa ya mmoja mbele ya watu 7 ni nafasi ya kwanza kwa jina lingine. Matofali ya kuchoma tumeyafunga vitambaa, na kila mtu anapewa moja mwanzoni, alihitaji asihitaji. Mwishoni tunaandika mstari mmoja kwenye daftari: leo nilisikia nini, wapi. Mwanzoni nilidhani daftari litatosha, kwamba mtu ajilinganishe na yeye wa jana tu. Daftari lenyewe likaonyesha kwamba hata hilo lina mtego. Mwili wa mtu aliyekesha kwa ajili ya tesiti, au aliye kwenye siku zake, au aliyetoka kwenye malaria, haufanani na wa wiki iliyopita, na hajashuka daraja kwa hilo.

Sasa tuko 8. Sitaki kudai kwamba mstari ndio uliowaleta, muhula mpya nao huleta watu. Dada yule bado hajarudi. Wiki iliyopita aliniomba nimweleze habari ya kikombe cha nyonga, nikamchorea nyuma ya karatasi ya maswali, mpira na kikombe, pembe mbili tofauti. Aliitazama muda mrefu, akaikunja, akaiweka kwenye pochi. Sikumuuliza zaidi.

Mimi mwezi wa 7 nakwenda mafunzo kwa vitendo. Kule nitakuta fomu za ripoti, na safu ya "nafasi" ipo, si yangu kuifuta. Lakini chini yake kuna mistari miwili ya maoni ya mwalimu, ambayo kwa kawaida hujazwa "ongeza bidii" kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwalimu wa darasa akiniachia nisaidie kuijaza, nimepanga niandike kitu ambacho mtoto anaweza na kimoja kinachofuata: anagawanya desimali bila kusaidiwa, bado asilimia. Kwa darasa la watoto 74 itachukua jioni kadhaa. Nimeshanunua kalamu.

Kikundi kinakutana Jumanne na Ijumaa saa 12 asubuhi, mawe ya upande wa ziwa, nusu saa hivi. Njoo na kanga au mkeka, matofali yapo. Ukimaliza usiteremke kuosha miguu kwenye maji ya ukingoni, kichocho kipo. Tunabeba ndoo.